Kabla ya kununua vizimba, tumzungumzie kuku mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nichangie makala iliyotoka kwenye ukurasa wa ufugaji, ile iliyowashauri vijana wa Tanga waachane na kufuga kuku chini na wahamie kwenye vizimba vya waya vya ghorofa. Mwandishi ameeleza faida zake kwa ufasaha: eneo dogo linabeba kuku wengi, yai linateremka lenyewe hadi kwenye mfereji, kinyesi kinadondoka chini, na mtu mmoja anahudumia kazi iliyokuwa ya watu kadhaa. Ameandika bei, ameandika soko, ameandika mkopo utarudi baada ya muda gani. Kuhusu kuku mwenyewe, atakayekaa humo ndani tangu aanze kutaga hadi siku ya kuuzwa, hakuandika hata sentensi moja. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Mimi ni mama ntilie, kibanda changu kipo Ngamiani, Barabara ya 12. Sipiki nyama, kuku wala samaki, na mwenyewe sili. Wateja wangu ni mafundi cherehani, madereva wa bajaji na guta, wapagazi na vijana wa gereji, watu wa kazi nzito ambao hawaji kwangu kupunguza unene. Asubuhi wanapata mbaazi za nazi na maandazi. Mchana wali kwa kunde au maharage, kisamvu, bamia, mchicha, na mchunga ukipatikana sokoni nasonga bada, ugali wa muhogo. Kabla ya kibanda hiki nilifanya kazi ya kunyonyoa kuku kwenye soko moja la hapa mjini, kwa miaka mingi. Ninayoyaandika hapa kuhusu kuku sikuyapata kwa kuhadithiwa.

Anayenyonyoa kuku anaona jinsi alivyoishi. Kuku wa kienyeji ukimtoa kwenye maji ya moto, ngozi yake ni ngumu, kucha zimelika kwa kuparura, kifua kimejaa manyoya hadi unachoka vidole. Broila ukimgeuza, mara nyingi kifua kiko wazi na ngozi ni nyekundu, kwa maana muda mwingi alikuwa amekilalia. Kwenye kifundo cha mguu, pale anapokunja ili aketi, kuna doa jeusi, gumu. Lile doa ni kidonda cha kuungua. Maranda ya bandani yakishalowa kinyesi hutoa hewa kali ya amonia, ile inayokuchoma macho ukifungua tu mlango, na kuku ambaye mwili umemzidi miguu anaketi juu ya maranda hayo mchana na usiku hadi ngozi inababuka. Chini ya unyayo ni vivyo hivyo. Mnunuzi halioni doa hilo kwa sababu miguu tulikuwa tunaikata na kuiuza pembeni, na anayenunua miguu huibabua na kuimenya ngozi kabla ya kuitia sufuriani. Bawa lililovunjika wakati wa kukamatwa unaligundua kwa vidole kabla ya macho: pana uvimbe, na damu imevilia chini ya ngozi. Mabawa ya namna hiyo tulikuwa tunayatenga, yanakwenda kwa wakaanga chipsi.

Lakini kilichonichosha zaidi ni sauti. Broila anayefikishwa sokoni ana wiki tano au sita tu. Ukimwona utasema ni kuku mzima, kifua kipana, kilo zake zimetimia, lakini ukimnyanyua kwenye tenga analia piyo, piyo, kama kifaranga, kwa sababu ni kifaranga. Jogoo hajajifunza kuwika, tetea hajawahi kutaga. Wakati mwingine ulikuwa unamshika, mguu unalia mkononi mwako, umevunjika kwa uzito wake mwenyewe.

Binti yangu alisomea mifugo pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro, na ndiye aliyenieleza chanzo chake. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichapisha matokeo ya jaribio lao: waliwafuga sambamba kuku wa mbegu iliyohifadhiwa bila kubadilishwa tangu mwaka 1957 na kuku wa nyama wa mbegu ya mwaka 2005, wakawapa chakula kilekile. Siku ya 56, kuku wa 1957 alikuwa na wastani wa gramu 905. Yule wa 2005 alikuwa na gramu 4,202. Kwa hiyo hata ukimpa mfugaji mwenye huruma kuliko wote, na banda safi kuliko yote, kuku huyu amezaliwa na mwili ambao mifupa yake na moyo wake haviwezi kuubeba. Hili nataka lieleweke, kwa sababu watu wengi wakinisikia hudhani ninawasema wafugaji wachafu.

Kuku wa mayai ana taabu yake nyingine. Kuku-mwitu wa misitu ya Asia, ambaye kuku wote wa dunia wametokana naye, hutaga mayai kama 10 au 15 kwa mwaka. Huyu wa kisasa hutaga karibu 300. Ganda la kila yai linajengwa kwa kalsiamu, na chakula kisipotosheleza inachotwa kwenye mifupa yake. Akiwa kizimbani hatembei, haruki, na mifupa inazidi kudhoofu. Halafu fikiria yale ambayo kila aliyefuga kuku uani anayajua: tetea akitaka kutaga huhangaika, huingia chini ya kitanda, hupanda kwenye kapu la nguo, huzunguka, huparura, hujipangia mahali. Ana haya ya kutaga mbele za watu. Kizimbani anataga amesimama juu ya waya ulioinama, amebanwa na wenzake, na kesho tena, na keshokutwa tena.

Makala inakiita kizimba hiki ufugaji wa kisasa. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 1999 sheria ya kuviondoa vizimba vitupu vya namna hii, na kuanzia Januari 1, 2012 ni marufuku kumweka kuku wa mayai humo. Katika miaka ya mwisho kabla ya marufuku, kila kuku alikuwa na haki ya sentimita za mraba 550, eneo dogo kuliko karatasi moja ya A4. Bado wanaruhusu vizimba vikubwa kidogo vyenye kiota na kijiti cha kutulia, na wapo wengi huko wanaodai hata hivyo viondoke. Sasa kile walichokikataa wao ndicho vijana wa Pongwe na Muheza wanashauriwa wakichukulie mkopo.

Nije kwenye kuzungumza na watu, maana huko ndiko ninakotumia siku zangu. Kibandani kwangu swali haliishi. Mtu akikaa benchi akakuta hamna hata dagaa, atauliza tu.

Dereva mmoja wa guta aliniuliza, "Mama, hata firigisi leo hamna?"

Nikamwambia, "Hamna, baba. Kuna kunde za nazi, zimeiva vizuri."

"Lakini kwa nini? Ni mambo ya dini, au daktari?"

Sikumjibu kwa hotuba. Nilimuuliza, "Wewe si hubeba kuku na guta lako?" Akasema hubeba, kutoka mabandani hadi sokoni, usiku wa manane. Nikamwomba anieleze kazi inavyokwenda. Alisita, kisha akaeleza. Kuku hukamatwa gizani kwa sababu gizani hawakimbii. Mtu mmoja anashika miguu ya kuku watatu, wanne kwa mkono mmoja, vichwa chini, anawasukumia kwenye tenga hadi mfuniko ufungwe kwa nguvu. Matenga yanapangwa moja juu ya jingine. Safari ikiwa ndefu, au guta likiharibika njiani jua likatoka, wa matenga ya katikati wanakutwa wamekufa, na ukiwagusa bado ni wa moto. Kisha akasema, bila mimi kumuuliza, "Mama, njiani mimi huwasha redio kubwa. Wanalia sana."

Benchi lote lilikuwa linasikiliza. Fundi cherehani aliyekaa naye alikuwa amekula kuku jana yake, na alisema hivyo, na akauliza maswali ambayo kwangu asingeyauliza. Huyo dereva bado anabeba kuku na bado anawala, lakini akifika kwangu haulizi tena firigisi. Tangu hapo sianzi mimi. Nauliza mtu amewahi kuona nini, na mara nyingi ameona: kuku wamening'inizwa vichwa chini kwenye usukani wa bodaboda, banda la jirani linalonuka, ng'ombe wa Handeni wamesimama kwenye lori tangu asubuhi bila maji. Watu hawa hawakosi huruma. Mwaka 2017, vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya walipoteketezwa kwa moto pale Namanga kwa hofu ya mafua ya ndege, nakumbuka watu wazima, wanaume, wakilizungumza jambo hilo kwa uchungu. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa kwamba katika viwanda vya kutotolesha kuku wa mayai duniani, kifaranga dume huuawa kwa kawaida siku ileile anayoanguliwa, kwa sababu hatagi na hanenepi haraka kama broila. Ujerumani wamelipiga marufuku tangu mwaka 2022. Nikiwaeleza hilo, swali lao huwa moja: "Kumbe?"

Kuna mahali siongei. Kwenye harusi, khitma, maulidi, sinia likishatengwa, mdomo wangu ni wa kula na kumshukuru mwenye shughuli. Namwarifu mapema, na mara nyingi naingia jikoni na wanawake wenzangu nikapika mbaazi au kunde za upande wetu. Siku ya Idi jirani akiniletea nyama sirudishi sahani yake. Napokea, naomba dua, naipeleka kwa anayeihitaji. Kumwaibisha mtu mbele ya wageni wake kwa chakula alichokiandaa kwa jasho ni utovu wa adabu, na kuku hapati nafuu yoyote kutokana nao.

Ustadh mmoja mtaani kwetu alinijia kwa hoja nzito zaidi. "Mama, unaharamisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu?" Nilimwambia, "Hasha, ustadh. Sijaharamisha. Kula nyama si faradhi, na mimi nimeacha, sijamkataza mtu." Tukaongea kuhusu kuchinja, jinsi Mtume (S.A.W.) alivyoamrisha anayechinja anoe kisu chake na ampumzishe mnyama. Nikamuuliza kuhusu zile wiki zinazotangulia kisu. Akanijibu kwamba yale ya bandani yanamhusu mfugaji, ya mchinjaji ni kisu na tasmia, yaani kulitaja jina la Mwenyezi Mungu.

Ninamheshimu sana, lakini hapo sikubaliani naye, na nilimwambia kwa adabu. Yule mwanamke wa kwenye hadithi ya Mtume, aliyeingia motoni kwa ajili ya paka, hakumchinja paka wake. Alimfungia. Hakumlisha, wala hakumwacha aende akajitafutie. Na Qur'ani, katika Suratul An'am, inatuambia hakuna mnyama katika ardhi wala ndege anayeruka kwa mbawa zake mbili ila ni umma kama sisi. Ndege aliyefanywa asiweze hata kukunjua mbawa hizo mbili, mimi naona ametajwa hapo. Ustadh alisema atalitazama. Sijui atalitolea darasa au la, lakini salamu yetu haijapungua.

Mazungumzo magumu kuliko yote ni ya nyumbani. Mtoto wa kaka yangu ana banda la broila 500 nje ya mji, alianza kwa mkopo wa halmashauri, zile fedha za asilimia 10 zinazotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni kijana mchapakazi. Taa bandani zinawaka usiku ili kuku waendelee kula. Dawa anaitia kwenye maji kabla hawajaugua, kwa sababu, kama alivyoniambia, "Shangazi, nikisubiri waugue nimekwisha." Nilimweleza kwamba Shirika la Afya Duniani lilitoa wito mwaka 2017 wafugaji waache kuwapa wanyama wasio wagonjwa antibayotiki kwa ajili ya kuwanenepesha na kuwakinga, kwa sababu vijidudu vinazoea dawa, halafu dawa hizo zinashindwa kututibu sisi. Alinisikiliza. Anayajua hayo, na anajua pia kwamba wapo wanaouza kuku kabla siku za kusubiri dawa itoke mwilini hazijaisha. Kisha akaniuliza swali ambalo kila anayezungumza mambo haya lazima aulizwe: "Shangazi, niache kuku, nile nini?"

Sikuwa na jibu la kumtosha siku ile. Najua ninachokinunua mimi: kunde, choroko na mbaazi kwa magunia, nyingine kutoka Handeni, mboga za Lushoto, nazi za hapahapa. Kuna wakati natafuta kunde nzuri nakosa. Uyoga ukija mjini unaisha kabla ya adhuhuri. Hela ipo katika vitu hivi, lakini hakuna makala inayompigia kijana hesabu za choroko kama anavyopigiwa hesabu za vizimba, na aliyekopa kwa ajili ya broila hawezi kubadilisha biashara katikati ya marejesho. Amepunguza idadi ya kuku kwa kila awamu na anafungua mapazia ya banda mapema, ananiambia vifo vimepungua. Nimefurahi kwa ajili ya wale kuku. Lakini anajua ningependa banda hilo liwe la uyoga tu, na simfichi.

Wapo wanaoniambia watoto wetu wanahitaji protini. Kweli wanahitaji. Simwambii mama mwenye mtoto aliyedhoofu amnyime yai alilopewa kliniki, na anayeniletea hoja hiyo akiwa ameshiba chipsi kuku, nitazungumza naye habari zake yeye, si za mtoto yule. Kunde, maharage, mbaazi na karanga ni protini, na ndizo zilizolea nyumba nyingi za mkoa huu ambako kuku alichinjwa akija mgeni. Asiyekula kabisa vitu vya wanyama atafute vidonge vya vitamini B12, kwa sababu mimea haina. Mimi nameza, na sioni aibu kulisema mbele ya wateja.

Na wapo wanaosema haya ni mambo ya Wazungu. Bibi yangu kwao Amani alikula nyama kwenye sikukuu. Broila, kizimba, taa ya usiku kucha na dawa kwenye maji hakuvijua, vimekuja kwetu juzi kutoka huko huko.

Ndugu Mhariri, ombi langu kwa gazeti lako ni kwamba umtume mwandishi na mpiga picha wafuate safari nzima: banda saa sita ya usiku kuku wakikamatwa, guta njiani, meza ya kunyonyolea sokoni. Wapige picha kifundo cha mguu. Bei na faida ziandikwe ukurasa uleule, sipingi. Wasomaji wako ni watu wazima, wataamua wenyewe wale nini, lakini waamue wakiwa wameona.

Ombi la pili ni kwa maafisa mifugo na wanaotoa mikopo ya vijana. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, inayotambua kwamba mnyama ni kiumbe mwenye hisia. Ilipitishwa na Bunge letu, Dodoma, wala haikuletwa na mtu kutoka nje. Sijawahi kumsikia mtu akiitaja kwenye semina ya ufugaji hapa Tanga, na nimehudhuria. Mwaka 1965 kamati iliyoundwa na serikali ya Uingereza kuchunguza ufugaji wa ndani ilisema mnyama walau aweze kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo vyake. Ni masharti madogo mno, mimi nataka zaidi ya hayo. Lakini tuanze na hayo. Fomu ya mkopo inamuuliza kijana ana eneo gani, atauza wapi, mdhamini wake ni nani. Iongezwe mistari mitano: kuku wako ataweza kusimama? Kulala? Kugeuka? Kujisafisha? Kukunjua mabawa? Kwa kizimba kile cha kwenye makala, jibu la kugeuka na la kukunjua mabawa linajulikana kabla kalamu haijagusa karatasi, na fedha hizo apewe kijana anayetaka kulima choroko.

Wako,
Mama Ntilie wa Barabara ya 12,
Ngamiani, Tanga